Ndege wa porini, vichaka na shamba lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mkulima wa mpunga wa Mbarali na mkulima wa kahawa wa Marangu wakikaa meza moja kuzungumzia ndege, hawataelewana. Wa kwanza atalaani, wa pili atashangaa kelele za nini. Wote wawili wana haki, kwa sababu hawazungumzii ndege yule yule wala zao lile lile. Majibu yafuatayo yanahusu zaidi mashamba ya Tanzania na Kenya, na yanaanza na lile swali linaloulizwa kuliko yote.

Kwa jumla, ndege ni faida au ni hasara kwa mkulima?

Likiulizwa hivyo halijibiki. Uliza kwanza: ndege gani, zao gani, na zao limefika hatua gani? Mnana anayekula mtama wako unapokomaa ndiye aliyekuwa akibeba viwavi kupelekea makinda yake wiki chache kabla. Makinda ya ndege wengi wanaokula nafaka hulishwa wadudu siku za mwanzo, maana hayawezi kukua bila protini. Kwa hiyo ndege mmoja anaweza kuwa mlinzi wa shamba mwezi huu na mharibifu mwezi ujao.

Tatizo ni kwamba hasara inaonekana na faida haionekani. Suke lililopukutishwa unaliona, unalishika, unampigia simu jirani. Kiwavi aliyeliwa kabla hajawa nondo wa kutaga haachi alama yoyote. Ndiyo maana wakulima wengi, ukiwaambia wataje ndege, watataja waharibifu peke yao, ingawa aina za ndege zinazoweza kumfilisi mkulima hapa kwetu unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Kwelea kwelea ni ndege gani hasa, na mbona ni mdogo hivyo lakini anaogopwa kuliko tembo?

Ni ndege wa jamii ya mnana, mwenye uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi. Dume wakati wa kuzaa ana uso mweusi na mdomo mwekundu. Jike mdomo wake hugeuka manjano msimu huo. Nje ya msimu wote wanafanana na shomoro, na hapo ndipo watu wanapowachanganya.

Kwelea mmoja hula na kupoteza nafaka kiasi cha gramu 10 kwa siku. Peke yake si kitu. Lakini kwelea haji peke yake. Kundi la milioni moja, ambalo kwa ndege huyu si ajabu, linaondoka na tani 10 kwa siku, yaani magunia mia moja ya kilo mia. Likikaa wiki moja kwenye bonde lenye mpunga unaotia maziwa, msimu umekwisha.

Anashambulia nafaka zenye punje ndogo: mtama, uwele, ulezi, mpunga na ngano. Mahindi huyaachia, kwa sababu punje yake ni kubwa mno kwa mdomo wake. Ukimsikia mtu analalamika kuwa kwelea wamemaliza mahindi yake, mwulize tena alimwona ndege wa namna gani.

Kwa nini mwaka mmoja wanakuja kama wingu na mwaka mwingine hawaonekani?

Kwa sababu chakula chao halisi si mtama wako. Kwelea anaishi kwa mbegu za nyasi pori, na anazipenda kuliko nafaka. Mvua za kwanza zinaponyesha, mbegu zilizolala ardhini huota zote kwa pamoja, na ghafla ndege hana cha kula. Hapo makundi huruka kwenda mbali, mara nyingi kule ambako mvua ilitangulia na nyasi zimeshatoa mbegu mpya.

Wakifika mahali penye nyasi nzuri na miiba ya kujengea, wanazaa. Jike hutaga mayai matatu hivi, huyaatamia chini ya wiki mbili, na makinda hutoka kiotani baada ya wiki mbili nyingine. Kazi yote inaisha kabla nyasi hazijakauka. Kisha kundi linahama na kuweza kuzaa tena mahali pengine msimu uo huo.

Sasa jumlisha: mwaka wa mvua nzuri unaleta nyasi nyingi, nyasi nyingi zinaleta makinda mengi, kisha nyasi zinakwisha na kundi zima, wazee kwa vijana, linatafuta kitu kingine chenye punje ndogo. Kama mpunga wa umwagiliaji ndio peke yake uliobaki na rangi ya kijani katika bonde lenu, mmekwisha kuchaguliwa. Ndiyo maana mashamba ya msimu wa kiangazi na yale yaliyochelewa kupandwa huumia zaidi.

Serikali ikipuliza sumu, tatizo linaisha?

Linaisha kwa shamba lililo karibu na mahali ndege walipolala, kwa msimu huo. Haliishi kwa maana ya kumaliza kwelea. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Afrika ina kwelea wapatao bilioni moja na nusu, na ndege anayezaa kwa kasi ile huziba pengo upesi.

Sumu inayotumika zaidi ni fenthioni, inayonyunyizwa kwa eropleni au kwa mashine za mgongoni jioni, kundi likiwa limetua kulala. Kwa miongo mingi ndege za kunyunyizia zimekuwa zikitoka kwenye Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962 na lenye makao Addis Ababa. Januari 2023 operesheni kubwa ilifanyika Kisumu, Kenya, baada ya makundi kuvamia mashamba ya mpunga ya kaunti ile ya ziwani.

Ubaya wa fenthioni ni kwamba haichagui. Bundi, vipanga na wanyama wadogo wanaookota kwelea waliolewa au kufa hupata sumu ile ile. Kwa hiyo mnaweza kuokoa mpunga mwaka huu na mwaka ujao mkashangaa panya wametoka wapi. Sisemi isitumike kamwe. Mtu aliyekopa kulima ekari kumi za mpunga hana muda wa kusikiliza hotuba za mazingira kundi likiwa juu ya majaruba. Ila itumike pale ambapo kundi linatishia mazao kweli. Kuna makundi yanayolala porini, mbali na shamba lolote, yakila nyasi zake. Kuyafuata huko ni kupoteza fedha na kumwaga sumu bure.

Kwelea wanaliwa?

Wanaliwa, na ni nyama nzuri. Kondoa, mkoani Dodoma, watu huwatega na kuwauza, na watafiti wa hapa nchini wamekuwa wakiangalia namna ya kuboresha mitego hiyo iwe sehemu ya udhibiti. Chad, maeneo ya karibu na N'Djamena, wategaji wenye nyavu wanavuna kwelea kwa mamilioni kila mwaka. Utegaji hauwezi kusimamisha kundi kubwa, lakini unaweza kupunguza kundi la wastani na kuacha protini na fedha kijijini, jambo ambalo ndege ya sumu haifanyi.

Sharti ni moja na halina mjadala: usiokote wala kununua kwelea waliokutwa wamekufa au wanayumba. Ukisikia kuna eneo limenyunyizwa, nyama ya kwelea iache kabisa kwa kipindi hicho, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Njia za kuamia ndege zipi bado zinafanya kazi?

Zote zinafanya kazi siku mbili za mwanzo. Ndege hujifunza. Sanamu la matambara lililosimama pale pale wiki nzima litatumiwa kama kituo cha kupumzikia. Utepe wa kaseti za zamani ukikazwa kati ya vijiti viwili, uwe umejipinda kidogo, hutoa mvumo kwenye upepo na kumetameta juani. Unasaidia, hasa pembeni mwa jaruba ambako ndege huanzia, lakini siku isiyo na upepo hauna kazi. Makopo ya bati yaliyofungwa kwenye kamba ndefu inayovutwa kutoka kwenye dungu yana maisha marefu zaidi kwa sababu kelele inakuja pasipotarajiwa.

Kinachoshinda vyote bado ni mtu. Dungu katikati ya shamba, kombeo, donge la udongo au fimbo ya kurushia tope, na sauti. Saa ngumu ni mbili: tangu kupambazuka hadi jua likaze, na kuanzia saa kumi alasiri hadi giza. Mchana wa jua kali ndege wengi hupumzika kivulini karibu na maji, na mwamizi naye apumzike. Anayelinda kutwa nzima huchoka, na akisinzia saa kumi na moja jioni ndipo kundi linaposhuka.

Tatizo la mtu ni gharama. Kwenye skimu za umwagiliaji kama Mwea ya Kenya na Mbarali kulinda ndege ni ajira kabisa, inahesabiwa kwenye bajeti pamoja na palizi. Mkulima mdogo asiye na fedha huwatumia watoto, na watoto wanakosa shule wiki tatu au nne za msimu. Hiyo nayo ni hasara ya ndege, ingawa haiingii kwenye hesabu ya magunia.

Kabla ya yote hayo, kubalianeni kupanda pamoja. Skimu nzima ikitia maziwa wiki moja, ndege hugawanyika na kila mtu hupoteza kidogo. Shamba moja likitangulia au kuchelewa, linapokea wageni wote. Hili halina gharama yoyote isipokuwa kikao, na pengine ndiyo maana ni gumu kuliko kununua utepe.

Kuna mtama ambao ndege hawaugusi?

Hakuna. Kuna mtama wasioupenda. Mtama wa rangi ya kahawia wenye ukakasi unawachukiza ndege punje zikiwa bado changa, na wakipata kingine watauacha. Mbegu za Serena na Seredo, zilizozalishwa Serere nchini Uganda, zilipata sifa kwa hilo. Lakini kundi lenye njaa lisilo na chaguo litakula tu.

Shida iko sokoni. Walaji wa ugali na viwanda vingi hutaka mtama mweupe usio na ukakasi, kama Macia, na huo ndio ndege wanaoupenda pia. Ukiamua kulima mweupe, panga na fedha za ulinzi toka mwanzo. Ukilima wa kahawia kwa ajili ya pombe ya kienyeji au uji, unaweza kulala usingizi kidogo zaidi.

Nikifyeka vichaka vyote kuzunguka shamba, ndege wataondoka?

Wataondoka wale uliokuwa unawahitaji. Kwelea anaweza kulala kilomita nyingi kutoka anakokula, kwa hiyo kufyeka ua wako hakumzuii. Anayeondoka ni ndege mdogo anayeishi pale pale mwaka mzima: shore, chozi, wale ndege wadogo wa kijivu wasio na jina mtaani wanaopekua majani tangu asubuhi, pamoja na nyuki wa porini wanaoishi kwenye vijiti vikavu na udongo usiolimwa.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Si kila kichaka kina faida kwa kila zao. Migunga ya miiba iliyosongamana au matete marefu yaliyopakana kabisa na majaruba ya mpunga yanaweza kuwa malazi ya kwelea, na hapo kupunguza sehemu iliyogusana na shamba kuna maana. Kuna tofauti kati ya kupunguza malazi ya kundi na kuliacha bonde zima likiwa uchi. La pili linaleta mmomonyoko, linakausha vijito, na kwelea bado watakuja.

Kuna ushahidi gani kwamba ndege wanaongeza mavuno, si maneno tu?

Mfano ulio karibu nasi ni wa mibuni ya Kilimanjaro. Watafiti walifunika baadhi ya matawi kwa nyavu zinazozuia ndege na popo, mengine wakayafunika ili nyuki wasifikie maua, na mengine wakayaacha wazi, kisha wakalinganisha mavuno. Walifanya hivyo kwenye vihamba vya Wachagga, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, kwenye mashamba makubwa ya kahawa yenye kivuli na kwenye yale ya jua tupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba pale ndege na popo walipofika, maua yaliyofanikiwa kuwa matunda yaliongezeka kwa takriban asilimia 9. Nyuki na wachavushaji wengine waliongeza uzito wa matunda kwa takriban asilimia 7. Kazi hizo mbili hazikuingiliana; kila upande ulileta nyongeza yake.

Ajabu iliyowashangaza hata wao ni kwamba faida haikupotea kwenye mashamba ya jua tupu. Maelezo waliyotoa ni kwamba mlima ule bado una mchanganyiko: kihamba hapa, korongo lenye miti pale, msitu juu, na ndege na nyuki wanavuka kutoka kimoja kwenda kingine. Maana yake mwenye shamba la jua tupu anafaidi miti ya jirani yake. Kila mtu akiamua kufyeka kwa kutegemea ya jirani, hesabu itabadilika.

Ukitembea ndani ya kihamba asubuhi utaelewa bila kusoma utafiti wowote. Juu kuna miti mirefu ya asili na migrivea, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na ndege wanashuka ngazi kwa ngazi wakipekua magamba na upande wa chini wa majani. Wanachokitafuta huko hukioni wewe unayepita na kopo la dawa.

Mbegu zangu za mahindi zinafukuliwa kabla hazijaota. Ni ndege au panya?

Mara nyingi ni panya, na ndege anasingiziwa kwa sababu yeye anaonekana mchana.

Inama uangalie shimo. Panya hufanya kazi usiku na hufuata mstari wa kupandia, shimo baada ya shimo, kijishimo kidogo kilichochimbwa wima, na mara nyingi huacha ganda la mbegu pale pale. Kunguru husubiri mche utokeze, kisha anauvuta. Utakuta mche umelala juu ya udongo, umenyauka, mbegu imeng'olewa chini yake. Kanga na kwale huparua: udongo umetawanywa ovyo, na pengine kuna unyoya.

Panya shamba anakadiriwa kula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka wa kawaida, na miaka ya mlipuko humaliza shamba zima likiwa bado mbegu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia panya huyu kwa miongo kadhaa, na wameonyesha kwamba milipuko yake inafuata mwenendo wa mvua. Kwa hiyo kabla hujamrushia kunguru jiwe, hakikisha.

Bundi ni mkosi. Kwa nini niambiwe nimtunze?

Imani ya mtu siwezi kuibomoa kwa aya moja, na kuna nyumba ambako bundi akilia usiku watu hawalali. Ninachoweza kusema ni anachofanya. Bundi mweupe wa ghalani, yule mwenye uso wa umbo la moyo, anaishi kwa panya. Mmoja hukamata watatu au wanne kwa usiku, na akiwa na makinda kazi huongezeka sana. Ukiokota yale madonge ya kijivu anayotapika chini ya mti anakolala, yavunje kwa kijiti: utakuta mafuvu ya panya yenye meno yake ya manjano, manyoya na mifupa, na hutakuta kidole cha mtoto wala nywele za mtu.

Kule bonde la Yordani, wakulima wa Israel walianza kumtundikia bundi masanduku ya kuzalia miaka ya 1980 na baadaye Wajordani wakajiunga, wakapunguza sumu ya panya. Malaysia wamefanya hivyo kwenye michikichi. Sanduku lenyewe ni la mbao, lenye tundu la sentimita 15 hivi, linalowekwa juu ya mti au nguzo, mita tatu kwenda juu, mbali na kelele. Bundi hajengi kiota. Anatafuta pango, na mbuyu wenye uwazi ndio nyumba yake ya asili.

Msimtarajie muujiza. Mwaka wa mlipuko, panya huzaa kwa kasi ambayo hakuna bundi anayeimudu, maana jike mmoja anaweza kuleta watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Bundi hufaa kupunguza panya katika miaka ya kawaida. Na ukitega sumu ya panya huku umemtundikia bundi sanduku, unamlisha sumu hiyo hiyo kwa mdomo wa panya.

Yangeyange wanajaa kwenye majaruba yangu. Wanakula mpunga?

Hapana. Yangeyange anakula panzi, senene, vyura na wadudu wa majini. Anafuata ng'ombe na trekta kwa sababu vinawaamsha panzi. Anaweza kukanyaga miche michanga kwenye kitalu, basi. Mfukuze hapo, kwingine mwache.

Wale ndege wanaokaa mgongoni mwa ng'ombe wanasaidia kuondoa kupe?

Huyu ndiye askari wa kifaru, na jibu lake si safi kama vitabu vya shule vinavyosema. Anakula kupe, ndiyo, na anawakula kwa wingi. Lakini anapenda damu pia, na hufungua vidonda ili anywe. Utafiti uliofanywa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2000 haukuona upungufu wa kupe wakubwa kwa ng'ombe waliotembelewa na ndege hawa, na vidonda vyao vilichelewa kupona.

Kwa hiyo usiache kuogesha mifugo kwa kumtegemea ndege. Kama unataka abaki, chagua dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, ambayo haimdhuru, badala ya zile kali za jamii ya ogano-fosfeti zilizomwondoa katika maeneo mengi ya ufugaji.

Viwavijeshi wakivamia, ndege wanasaidia?

Wanasaidia na wanatoa taarifa. Ukiona korongo, mwewe na kunguru wamejazana kwenye malisho asubuhi wakitembea kama wanaokota kitu, nenda kaangalie. Mara nyingi ni viwavijeshi waliokwisha kuanguliwa. Korongo weupe wanaotoka Ulaya wako huku kati ya Novemba na Machi, ambao ndio msimu wenyewe. Lakini kundi la viwavi likishafunika hekta kadhaa, ndege hawalimalizi.

Kwa viwavijeshi vamizi wa mahindi, walioingia Afrika mwaka 2016, ndege hana nafasi kubwa mara kiwavi anapojificha ndani ya kishada cha mhindi. Anamkamata akiwa bado mdogo juu ya jani.

Na kunguru weusi wa mijini?

Kunguru wa India ni mgeni aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yote, Dar es Salaam hadi Mombasa na Malindi. Anabeba vifaranga, anang'oa miche, anavunja mayai ya ndege wa kienyeji ambao ndio waliokuwa wakila wadudu wako. Huyu simtetei. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Kwako nyumbani, funika mapipa ya taka, zika mabaki ya machinjio, na fugia vifaranga ndani ya tenga au chini ya wavu hadi wakue. Palipo na taka wazi, kunguru hapungui.

Ndege wa porini wanaleta ugonjwa wa kideri (Newcastle) kwa kuku?

Wanaweza kukibeba, lakini kideri kikiingia kijijini mara nyingi kimeletwa na kuku wa mnadani, tenga lisilosafishwa au viatu vya mgeni. Chanja. Chanjo ya I-2 inastahimili joto, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Maji ya kuku yawekwe mahali njiwa na shomoro hawaogi.

Kuna mtu ananiuzia dawa ya kuchanganya na nafaka ili ndege wafe. Nitumie?

Usitumie. Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wamekuwa wakiuawa kwa kabofurani kwenye majaruba ya mpunga na kuuzwa kama kitoweo. Kabofurani ni dawa ya kuua wadudu, na kiasi kidogo tu kinaua ndege. Anayekula nyama ile anakula na dawa. Sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, zinawalinda ndege wa porini, na kuwaua kwa sumu ni kosa. Tena nafaka yenye sumu haijui kuku wako ni yupi na kwelea ni yupi.

Niache uoto wa asili kiasi gani? Shamba langu ni ekari mbili tu.

Hakuna anayekutaka uache ekari moja porini. Anza na sehemu zisizokupa mavuno hata hivyo: mpakani, kwenye mteremko mkali, kwenye mwamba, kuzunguka kichuguu, ukingoni mwa kijito. Kijito chenyewe sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekwisha kukusemea: shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, zisifanyike ndani ya mita 60.

Mpaka wa miti mchanganyiko ni bora kuliko wa aina moja. Mnyaa peke yake unazuia mbuzi lakini haulishi ndege wengi. Changanya na miti inayochanua kwa zamu ili nyuki wapate chakula miezi yote. Mkuyu ukiwepo usiukate. Mti mmoja mkavu uliosimama mbali na nyumba uache pia, maana kigogota atautoboa na ndege wengine watarithi matundu. Jihadhari na kichaka cha lantana. Ndege wanapenda matunda yake na wanaisambaza kila mahali, nayo ni sumu kwa ng'ombe na inasonga malisho. Ing'oe ikiwa bado changa.

Nimeona kundi kubwa la kwelea linalala karibu na kijiji. Nifanye nini?

Toa taarifa siku hiyo hiyo, usisubiri waingie shambani. Anza na afisa ugani au mtendaji wa kijiji, ambao watapeleka halmashauri, na kutoka hapo kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao Arusha. Kenya anzia kwa afisa kilimo wa kaunti. Taarifa ya "ndege ni wengi sana" haimsaidii rubani. Sema wanalala wapi hasa, kwenye matete au miiba, eneo lina ukubwa gani, wanaingia saa ngapi jioni, kama kuna viota vyenye mayai au makinda, na mazao yaliyo karibu yamefika hatua gani.

Taja pia vilivyo jirani na malazi hayo: kisima, lambo, mizinga, nyumba. Ukishaambiwa siku ya kunyunyiza, hamisha mizinga, funika kisima, funga kuku, na mweleze mchungaji apeleke ng'ombe upande mwingine mpaka maofisa waseme pako salama. Asubuhi yake watoto wasitumwe kuokota ndege, na jirani aliyekuja na gunia mrudishe.